Usalama wa Nani? Bastola Ndogo, Leseni na Historia ya Gudele, Juba

1.0 Utangulizi

Mtu anayetaka bastola ndogo ya kubeba chini ya nguo huuliza maswali yanayofanana popote alipo: je, ni nyepesi, inafichika vizuri, na ina kizuizi gani cha kuifanya risasi isitoke bila kukusudiwa? Makala haya yanadai kwamba vizuizi vya usalama vilivyobuniwa viwandani tangu karne ya 19 hujibu hofu moja tu, yaani ajali mikononi mwa mmiliki au mwa watu wa nyumbani kwake. Hofu ya pili inahusu nani anastahili kubeba silaha na wenye mamlaka watamtambuaje. Hofu hiyo haikujibiwa na chuma, bali na sheria na daftari la usajili. Historia ya Gudele, eneo la makazi lililoko magharibi mwa Juba, inaonyesha kwa namna ya kuhuzunisha kinachotokea pale kizuizi cha kwanza kinapopatikana ilhali cha pili hakijajengeka.

2.0 Vizuizi vya Chuma

Mwaka 1887 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa rivolva ndogo isiyoonyesha nyundo kwa nje, ambayo haikuweza kufyatuka mpaka mpini wake ubanwe kwa kiganja. Kwa kuwa nyundo ilikuwa ndani, haikunasa kwenye nguo wakati wa kuitoa mfukoni. Na kwa kuwa mpini ulihitaji kubanwa, kiganja kidogo cha mtoto kilipata shida kuifyatua. Bastola ya FN ya mwaka 1910, iliyosanifiwa na John Browning, iliongeza vizuizi hadi vitatu: kitufe cha pembeni, mpini wa kubanwa, na kifaa kilichozuia ufyatuaji magazini ikiwa imetolewa. Ni bastola ya aina hiyo iliyotumika kumuua Mwanamfalme Franz Ferdinand mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Vizuizi vyote vitatu havikuzuia lolote siku hiyo, kwa sababu aliyeishika alikusudia kuua.

Walther PP ya Ujerumani, iliyotolewa mwaka 1929, ilikuja na kitufe kilichoishusha nyundo salama hata risasi ikiwa ndani ya chemba. Wazo hilo lilichukuliwa na Makarov, iliyopitishwa na jeshi la Kisovieti mwaka 1951. Tokarev iliyoitangulia ilikuwa na hatua ya kusimamisha nyundo nusu njia tu, wala haikuwa na kitufe cha usalama. Mwaka 1982 jeshi la Austria lilichagua Glock 17, na mwaka 1988 ikafuata Glock 19 iliyo ndogo zaidi. Bastola hizi hazina kitufe cha pembeni. Zina ulimi mdogo katikati ya kifyatulio, kizuizi cha pini ya kupigia risasi, na kizuizi cha kuilinda isifyatuke ikianguka. Vyote hulegea kidole kinapovuta kifyatulio.

Mfululizo huu unaonyesha mwelekeo mmoja. Kila hatua ilikusudia kupunguza ajali bila kumchelewesha mmiliki. Hakuna hata moja iliyouliza mmiliki huyo ni nani.

3.0 Vizuizi vya Sheria

Swali hilo liliulizwa na dola, na katika Afrika Mashariki liliulizwa kwanza kwa ubaguzi. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa nchini Kenya mwezi Oktoba 1952, walowezi wengi walibeba bastola hata mezani wakati wa chakula. Kwa upande mwingine, kanuni za dharura zilifanya kumiliki silaha bila kibali kuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi alikamatwa mwezi Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri kwa kupatikana na rivolva na risasi, na akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Kiongozi wa vita vya msituni hakuhukumiwa kwa vita alivyoviongoza, bali kwa bastola aliyopatikana nayo. Tofauti kati ya silaha yake na ya mlowezi haikuwa katika chuma, bali katika kibali.

Baada ya uhuru dola zilirithi chombo hicho na kukipa sura ya uraia. Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 iliwafunga watia saini kuziwekea silaha alama na kutunza kumbukumbu zake. Tanzania ilitunga sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi mwaka 2015, ikifuta ile ya mwaka 1991. Mwezi Desemba 2018 serikali ya Kenya iliamuru raia wote wenye leseni za silaha wahakikiwe upya. Taratibu hizi zina kasoro zake, lakini zinatoa jambo ambalo kiwanda hakiwezi kulitoa: askari anayemkuta raia na bastola ana mahali pa kuuliza kama raia huyo ameruhusiwa.

4.0 Gudele

Gudele ilipanuka haraka baada ya Mkataba wa Amani wa tarehe 9 Januari 2005, wakimbizi waliporejea na watu wa majimbo mengine walipohamia Juba kutafuta viwanja na kazi. Silaha nazo zilikuwa zimetapakaa nchini baada ya miongo miwili ya vita. Taasisi ya Small Arms Survey ilikadiria kuwa mwaka 2017 raia wa Sudan Kusini walikuwa na silaha za moto zaidi ya milioni 1.

Vita vilipolipuka Juba usiku wa tarehe 15 Desemba 2013, wanaume wa Kinuer walisakwa mitaani na majumbani, wakitambuliwa kwa lugha na kwa chale za usoni. Katika jengo moja lililotumiwa na polisi huko Gudele, wanaume waliokusanywa humo walipigwa risasi. Human Rights Watch ilikadiria kuwa waliouawa walikuwa kati ya 200 na 400. Tarehe 7 Julai 2016 mapigano yalizuka kwenye kizuizi cha barabarani huko huko Gudele kati ya askari wa serikali na wa upinzani. Askari 5 wa serikali waliuawa, na siku chache baadaye vita vikaenea mjini.

Matukio haya mawili yanabadilisha maana ya kuficha silaha. Mwaka 2013 mtu hakuhitaji kuwa na bastola ili ahesabiwe adui; uso na lugha vilitosha. Katika mazingira kama hayo, bastola inayokutwa kiunoni humwongezea msakaji sababu, wala risasi zake chache haziwezi kukabili kikosi chenye bunduki. Penye kizuizi cha barabarani, silaha iliyofichwa haina njia ya kujieleza ikiwa hakuna karatasi ambayo pande zote zinaiheshimu.

Katika mwaka huo wa 2016 Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ikapata Sheria ya Silaha za Moto iliyoweka msingi wa leseni na usajili. Kwa maandishi, kizuizi cha pili kilikuwa kimeanza kuwepo. Lakini daftari hupata nguvu kwa imani ya wanaolisoma, na imani hiyo haitungwi bungeni.

5.0 Hitimisho

Mkazi wa Gudele anayewahofia wezi wa usiku ana hofu ya kweli, na makala haya hayamdhihaki. Akipata leseni, ana haki ya kuchagua bastola isiyofyatuka ikianguka, yenye kifyatulio kisichovutika kwa bahati mbaya, na ya kuifungia mbali na watoto. Hata hivyo, historia inapanga maswali yake kwa mfuatano tofauti na ule wa muuzaji. Swali la kwanza ni kama silaha hiyo imesajiliwa. La pili ni kama anayesimamisha watu barabarani anaujua na kuuheshimu usajili huo. Aina ya bastola ni swali la tatu. Pale ambapo maswali mawili ya kwanza hayana jibu, bastola salama kuliko zote humlinda mmiliki dhidi ya kidole chake mwenyewe tu. Kwa hiyo watafiti wa usalama katika ukanda huu wanahimizwa kuichunguza historia ya leseni kwa makini yaleyale wanayoipa historia ya silaha zenyewe.