Barafu nyeusi: Mtego usioonekana kwa madereva wa majira ya baridi

MNAMO Februari 11, 2021, muda mfupi baada ya saa kumi na mbili asubuhi, magari zaidi ya 130 yaligongana katika barabara kuu ya I-35W mjini Fort Worth, jimbo la Texas, Marekani. Watu sita walifariki na makumi ya wengine wakajeruhiwa. Miongoni mwa waliokumbwa na mkasa huo walikuwemo wahudumu wa afya waliokuwa wakienda zamu ya mchana au kurejea nyumbani baada ya kukesha hospitalini.

Hakukuwa na theluji ya kutisha barabarani alfajiri hiyo. Manyunyu mepesi yalikuwa yameanguka juu ya lami iliyokwisha kupoa kupita kiasi, yakaganda yakawa utando mwembamba wa barafu katika sehemu ya barabara iliyoinuliwa kutoka ardhini. Barabara hiyo ilikuwa imenyunyiziwa maji ya chumvi siku mbili kabla. Madereva waliotangulia waliteleza na kugonga kuta za kando, nao waliowafuata hawakuweza kusimama.

Utando wa namna hiyo ndio unaoitwa barafu nyeusi. Jina hilo linapotosha kidogo, kwa kuwa barafu yenyewe haina rangi. Hung'aa kama kioo, na weusi unaoonekana ni wa lami iliyo chini yake. Dereva huiona barabara kama iliyolowa tu, au asione lolote.

Suala hili linahusu familia nyingi za Kenya. Maelfu ya Wakenya wanaishi katika majimbo ya Marekani yenye baridi kali, Minnesota likiwa mojawapo, na wengi wao huajiriwa hospitalini na katika nyumba za kutunzia wazee. Kazi hizo zina zamu za usiku na za alfajiri, na alfajiri ndiyo saa ambayo barafu nyeusi hushamiri. Mgeni aliyejifunzia udereva Nakuru au Kisii hulazimika kwanza kuzoea kuendesha upande wa kulia, kisha baridi humkuta kabla hajamaliza funzo hilo.

Si kwamba Mkenya hajui utelezi. Aliyewahi kupita katika barabara ya udongo mweusi msimu wa masika anajua jinsi gari linavyoweza kugeuka na kuelekea lilikotoka. Tofauti ni kwamba tope hujitangaza. Dereva huliona kutoka mbali, akapunguza mwendo, akachagua pa kupitisha magurudumu. Barafu nyeusi haimpi nafasi hiyo, na hivyo ustadi wa mikono hauna budi kutanguliwa na mazoea ya kuitarajia.

Mahali pa kwanza pa kuitarajia ni darajani. Barabara iliyolala juu ya ardhi hupata joto kidogo kutoka chini, ilhali daraja hupulizwa na upepo baridi juu na chini. Kwa hivyo daraja huganda mapema, hata pale ambapo barabara iliyo kabla yake na baada yake ni salama kabisa. Vivyo hivyo kwa sehemu zenye kivuli cha miti au majengo, mabonde, na barabara zinazopakana na mito na maziwa. Theluji iliyoyeyuka mchana ikatiririka barabarani huganda tena jua linapotua.

Kipimajoto cha gari ni msaada mkubwa, ila huko Marekani husomwa kwa Farenhaiti. Nyuzi 32 za kipimo hicho ndizo nyuzi 0 za Selsiasi, yaani kiwango cha maji kuganda. Dereva asingoje kipimajoto kifike hapo. Kifaa hicho hupima hewa, nayo lami iliyokesha chini ya anga isiyo na mawingu yaweza kuwa baridi zaidi kuliko hewa iliyo juu yake. Aidha, barafu iliyo karibu na kuyeyuka huwa na maji juu yake, na huteleza vibaya zaidi kuliko ile iliyokauka kwa baridi kali.

Ipo dalili nyingine ambayo madereva wazoefu huitazama: magurudumu ya magari yaliyo mbele. Ikiwa lami inaonekana imelowa lakini magurudumu hayarushi maji, huenda maji hayo yamekwisha kuganda. Usukani unaokuwa mwepesi ghafla, au mngurumo wa matairi unaotoweka, huashiria kwamba gari tayari limo juu ya barafu.

Watu wa Minnesota wanayo pia barafu ya siku kavu yenye jua, jambo linalowashangaza wageni. Baridi inaposhuka hadi nyuzi 18 chini ya sufuri za Selsiasi, mvuke unaotoka katika mabomba ya moshi wa magari huganda juu ya lami, hasa penye taa za barabarani na misongamano, ambapo magari hukaa yakinguruma. Chumvi ya kawaida nayo haisaidii sana wakati huo. Nguvu yake ya kuyeyusha hupungua mno baridi inapozidi nyuzi 9 chini ya sufuri, na wahudumu wa barabara hulazimika kuchanganya kemikali nyingine au kumwaga mchanga.

Kuhusu breki, hesabu yenyewe inatosha kumtisha mtu. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa huhitaji kama mita 36 kusimama juu ya lami kavu, tangu breki zinapokanyagwa. Juu ya barafu, mshiko wa tairi ukipungua hadi sehemu moja ya saba, gari hilo hilo litateleza mita 250 hivi. Ndiyo sababu hushauriwa kuacha nafasi ya sekunde nane hadi kumi nyuma ya gari lililo mbele, na kupunguza mwendo kabla ya kufika darajani, si ukiwa juu yake.

Wenye magari makubwa yanayoendeshwa na magurudumu yote manne ndio hujidanganya zaidi. Mfumo huo husaidia gari kuondoka na kupanda mlima, haulisaidii kusimama. Kile kifaa cha kushikilia mwendo bila kukanyaga mafuta nacho kizimwe, maana gari likiteleza chaweza kuendelea kulisukuma.

Endapo gari limekwisha kuingia juu ya barafu, jambo la kwanza ni kuondoa mguu taratibu kwenye mafuta na kushika usukani ukiwa umenyooka. Aghalabu kipande cha barafu si kirefu, na gari likiachwa lipite bila kusumbuliwa hupata mshiko upande wa pili. Breki za ghafla ndizo huligeuza. Sehemu ya nyuma ikianza kuhama, dereva atazame anakotaka kwenda, si ukuta anaouogopa, na kuuelekeza usukani huko kwa upole. Gari linaponyooka, usukani nao unyooshwe mara moja, la sivyo gari litarukia upande mwingine kwa nguvu zaidi.

Ikibidi kusimama, gari lenye breki za ABS likanyagwe breki kwa uthabiti bila kuachia, hata kama kikanyagio kitatetemeka mguuni. Kutetemeka huko ndiko kufanya kazi kwake. Magari ya zamani yasiyo na mfumo huo yanataka breki zikanyagwe na kuachiliwa kidogo kidogo.

Matairi ya majira ya baridi hutengenezwa kwa mpira usiokakamaa baridi inaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Jimbo la Quebec nchini Kanada limeyafanya kuwa ya lazima kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Kwa mhamiaji anayelipa kodi ya nyumba na kutuma karo Kenya, gharama hiyo si ndogo, lakini hata matairi hayo hayawezi mengi juu ya barafu tupu.

Kabla ya kuondoka, majimbo mengi ya Marekani hutoa habari za barabara kupitia nambari ya simu 511. Ndani ya gari huwekwa blanketi, sepetu ndogo, mfuko wa mchanga na simu iliyojaa chaji. Gari likikwama thelujini huku injini ikiwashwa ili kuleta joto, bomba la moshi halina budi kufukuliwa kwanza. Likiziba, hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi huingia ndani, nayo haina rangi wala harufu.