Saa zilizonyamaza: kwa nini mashine ya kale haiigiki kirahisi

Februari 1857, Richard Burton na John Hanning Speke walipanda Usambara hadi Vuga, kwa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa. Baadaye mwaka huohuo wakaelekea Ziwa Tanganyika na kronomita, saa ghali za mabaharia. Msafiri alizihitaji ajue yuko wapi: huku karibu na ikweta, saa ikikosea dakika moja, umepotea kilomita 28 hivi. Njiani saa zote ziliharibika. Ikabidi wafunge risasi kwenye uzi wa karibu mita moja, wahesabu sekunde kwa kubembea kwake.

Mashine ya namna hiyo haikuigwa kirahisi hata London. Fundi John Harrison alikamilisha saa yake ya nne ya baharini, H4, mwaka 1759. Larcum Kendall, fundi hodari aliyekuwa na mfano huo wa kufuata, alitumia zaidi ya miaka miwili kutoa nakala, akaimaliza 1769 kwa pauni 450. Nakala hiyo ilisafiri na nahodha James Cook na kufanya kazi vizuri sana. Kendall alipojaribu kutengeneza nyingine ya bei nafuu, K2, aliondoa baadhi ya sehemu, na saa hiyo haikuifikia ya kwanza kwa usahihi.

Fundi wa leo ana mashine za kukata chuma kwa vipimo vidogo mno, lakini ugumu haujaisha. Derek Pratt, fundi bingwa wa saa kutoka Uingereza, alianza kuiunda upya H4, akafariki 2009 kabla ya kumaliza, wengine wakaikamilisha. Au chukua kronomita zilizokuja baada ya H4, na springi nyembamba inayoongoza gurudumu la mizani. Ya zamani ni ya feleji, hulegea kwa joto, na gurudumu lake la metali mbili liliundwa kufidia ulegevu huo. Ukiweka springi ya aloi ya kisasa isiyojali joto, gurudumu linafidia kosa ambalo halipo, na saa inapotoka upande wa pili. Kwa macho ni ileile. Kwa kazi si yenyewe.

Ndiyo maana nawasihi wenye saa za babu zao, kuanzia Zirai, Usambara, hadi Tanga mjini: mkipeleka kwa fundi, mwambieni arudishe kila kipande alichokitoa, hata kilichovunjika. Atakayetaka kukitengeneza upya atahitaji kukipima chenyewe.