Kwa Nini Nairobi Mtu Ni Mwepesi Kidogo

Kwenye Tom Mboya Street na Moi Avenue wapo vijana wanaopima watu uzito na urefu kwa shilingi chache. Unavua viatu, unapanda mizani, namba inatokea. Mizani kama hiyo ingerekebishwa London kisha iletwe Nairobi bila kuguswa, mtu wa kilo 70 angesomeka pungufu kwa gramu 260 hivi. Mwili wake haujapungua hata chembe. Kilichopungua ni nguvu ya dunia inayomvuta.

Nairobi imekaa karibu na ikweta, mahali dunia ilipotuna, na stesheni yake ya reli iko mita 1,661 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo tuko mbali zaidi na kiini cha dunia kuliko mtu wa London, na mzunguko wa dunia nao unatupunguzia kidogo. Kanuni hiyohiyo ya mvutano, inayotegemea tungamo na umbali, ndiyo inayofanya mizani imsome mtu huyo kilo 12 hivi Mwezini, 26 na nusu Mirihi, na 177 kwenye mawingu ya juu ya Mshtarii.

Saa ndiyo iliyofichua jambo hili. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendula Cayenne, karibu na ikweta, akaona inachelewa dakika mbili na nusu kila siku, kwa kuwa mvutano ukipungua pendula hubembea polepole zaidi. Saa ya London ikiletwa Nairobi ingechelewa kwa kiasi kama hicho.

Afrika Mashariki, Mjerumani Ernst Kohlschütter alipima mvutano kwa pendula mwaka 1899 na 1900 katika koloni la Wajerumani. Kisha mwaka 1933 akaja Edward Bullard wa Cambridge, kijana wa miaka 26. Pendula zake zilibembea ndani ya sanduku lililoondolewa hewa, na muda wa mbembeo ulilinganishwa na wa pendula za Cambridge kwa mawimbi ya redio yaliyorushwa kutoka Rugby, Uingereza. Fikiria kazi hiyo: kubeba chombo kinachodhurika kwa mshtuko mdogo tu, juu ya barabara za vumbi za wakati ule, kupanda nyanda za juu na kuteremka Bonde la Ufa.

Matokeo aliyachapisha mwaka 1936. Katika Bonde la Ufa mvutano ulikuwa hafifu kuliko hesabu zilivyotaka. Bullard alieleza kwamba kingo za bonde zinasukumana na kulikandamiza chini. Hapo alikosea. Kati ya 1985 na 1994 mradi wa utafiti wa bonde hilo uitwao KRISP, Chuo Kikuu cha Nairobi kikiwa mshiriki, ulilipua baruti ziwani na kusikiliza mitetemo; ikadhihirika kwamba chini ya bonde kuna miamba yenye joto kali, iliyo myepesi, na ardhi inavutwa ikiachana. Vipimo vya Bullard, hata hivyo, viliendelea kutumika, na kwangu huo ndio urithi wake mkubwa.

Pamoja na tofauti zote hizi, shuleni tunawafundisha watoto waandike 10 kuwa kipimo cha mvutano na kusonga mbele. Walimu wa fizikia wa Dagoretti, Kangemi na Kawangware, wafungieni wanafunzi kijiwe kwenye uzi wa mita moja kamili, kibembee kidogokidogo, wapime kwa saa ya simu muda wa mibembeo 100 ya kwenda na kurudi. London ingechukua sekunde 200.6. Hapa kwetu ni 201.0.