Punje Kabla ya Dawa: Maisetoma na Gharama ya Kukisia

Maradhi ya ngozi yasiyo ya kawaida mara nyingi hayamshindi tabibu kwa sababu ni adimu. Humshinda kwa sababu yametibiwa kabla hayajajulikana. Maisetoma inalidhihirisha jambo hili vizuri. Huanza kwa mwiba au jeraha dogo, aghalabu mguuni, kwa mkulima au mfugaji anayetembea peku katika nchi kavu za migunga. Vimelea hupenya chini ya ngozi, na baada ya miezi au hata miaka hutokeza uvimbe mgumu usiouma. Huko kutouma ndiko kunakomponza mgonjwa, kwa kuwa anaendelea na kazi zake mpaka ngozi itoboke na matundu yaanze kutoa usaha wenye punje ndogo, nyeusi, nyeupe, za njano au nyekundu. Ukiachwa, ugonjwa huu hula misuli na mifupa mpaka mguu ukatwe. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2016, ingawa wataalamu wameuandika tangu karne ya 19 huko Madurai, India.

Ugumu wenyewe ni kwamba maisetoma si ugonjwa mmoja. Ipo inayoletwa na fangasi, hasa Madurella mycetomatis, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi Sudan. Na ipo inayoletwa na bakteria wa jamii za Nocardia, Actinomadura na Streptomyces. Kwa nje zinafanana mno: uvimbe uleule, matundu yaleyale. Matibabu yake, hata hivyo, hayakutani popote. Ya bakteria hutibiwa kwa viuavijasumu, na huko Monterrey, Mexico, Oliverio Welsh na wenzake walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba amikasini ikiunganishwa na ko-trimoksazoli, ileile septrini ya zahanati zetu, huwaponya wengi ambao dawa nyingine zimewashinda. Ya fangasi haisikii viuavijasumu hata kidogo. Huhitaji itrakonazoli kwa miezi mingi, mara nyingi pamoja na upasuaji, na hata hivyo kwa wengi hurudi. Jaribio la fosravukonazoli lililoanza Sudan mwaka 2017 limeleta matumaini, maana dawa hiyo humezwa mara moja kwa wiki badala ya kila siku, lakini nayo ni ya fangasi tu. Kwa hiyo mgonjwa mwenye bakteria akinyweshwa dawa ya fangasi mwaka mzima, ugonjwa huenda ukawa umefika mfupani. Na mwenye fangasi akichomwa sindano za amikasini, anahatarisha figo na masikio yake bure.

Kinachozitenganisha ni punje. Nyeusi karibu daima ni ya fangasi. Nyekundu ni ya bakteria, kwa kawaida Actinomadura pelletieri. Nyeupe na za njano zaweza kuwa za upande wowote, na hapo macho matupu hayatoshi. Mtaalamu wa maabara akiiponda punje juu ya kioo kwa tone la potasi haidroksidi na kuitazama kwa hadubini, ataona nyuzi. Za fangasi ni nene, mikromita 2 hadi 5 au zaidi, tena zina vigawanyo. Za bakteria ni nyembamba, hazizidi mikromita 1, na zikitiwa rangi ya Gram hubaki za zambarau. Punje zisipotoka, kichukuliwe kinyama, nacho kitoke ndani kabisa, kwa sababu kipande cha juujuu huja na vimelea vya nje visivyohusika. Ni kweli kwamba hadubini haitaji spishi. Kuotesha Madurella huchukua wiki kadhaa, na vipimo vya vinasaba vipo katika maabara chache. Lakini swali linaloamua matibabu ni kama ni fangasi au bakteria, na jibu lake halisubiri spishi.

Wapo wanaosema kwamba mahali pasipo na maabara mgonjwa apewe dawa zote mbili, itakayofaa itajulikana. Hoja hii ina huruma ndani yake, kwani mgonjwa anayerudishwa mikono mitupu huenda asirudi tena. Hata hivyo itrakonazoli ni ghali kwa familia ya mkulima, hutaka ini liangaliwe mara kwa mara, na hugongana na dawa nyingine nyingi. Isitoshe, mgonjwa asipopona, tabibu hana njia ya kujua kama dawa ndiyo iliyoshindwa, au dozi haikutimizwa, au ugonjwa haukuwa ule aliouwazia. Kosa hilohilo linaonekana nje ya maisetoma pia. Krimu za steroidi zikipakwa kwenye fangasi wa kawaida wa ngozi hufuta ukingo wa baka, na anayekuja kulichunguza baadaye halitambui. Baka la ukoma likipakwa dawa za fangasi miezi nenda miezi rudi, bila mtu kuligusa kwa pamba aone kama lina ganzi, mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika, na uharibifu huo haurudi nyuma kwa urahisi.

Wengine hupinga kwa kigezo cha uchache: kwa nini nchi maskini igharamie ugonjwa wa wachache? Uchache wa kitaifa ni wastani tu, nao huficha mahali. Tafiti zilizochapishwa zimeonyesha maisetoma katika Kaunti ya Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilhali daktari wa mjini anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuiona. Tena gharama ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa hadubini inayotakiwa ndiyo ileile inayosoma malaria na makohozi ya kifua kikuu. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unaelekeza magonjwa ya ngozi ya kundi hili, yakiwemo ukoma na kidonda cha Buruli, yatafutwe kwa pamoja, na tabibu mmoja aliyefunzwa ayatazame yote.

Kuhusu picha za simu na programu za kompyuta za kutambua maradhi, faida yake naikubali: tabibu wa zahanati humfikia daktari wa ngozi aliye mbali. Ila picha huonyesha nje, na nje ndiko maisetoma hizi mbili zinakofanana; tena nyingi ya programu hizo zimefunzwa zaidi kwa picha za ngozi nyeupe. Nauona uzito zaidi katika njia ya Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanzishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, mwaka 1992, ambacho huwafundisha matabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika kwa miaka 2 ili warudi kuwahudumia watu wao. Ujuzi huu lazima usambazwe, na Khartoum imeonyesha kwa nini. Kituo cha Utafiti wa Maisetoma kilichoanzishwa huko mwaka 1991 ndicho kilichokuwa mwalimu wa dunia katika ugonjwa huu. Mwaka 2025, baada ya miaka 2 ya vita nchini Sudan, mkurugenzi wake, Profesa Ahmed Fahal, alitangaza kwamba kimeharibiwa kabisa, pamoja na sampuli za zaidi ya miaka 40. Wasudani waliokimbia wamefika Chad, Sudan Kusini na Uganda, na haielekei kwamba hakuna wenye maisetoma miongoni mwao.

Wizara za afya za Afrika Mashariki ziuandike uchunguzi wa punje katika miongozo ya matibabu, na zihakikishe hospitali za wilaya zina vitendanishi vyake. Naye tabibu anayekutana na uvimbe wa mguu usiouma, wenye matundu, asiandike dawa kabla punje haijafika maabara.