Damu Mahali Pasipotarajiwa: Historia ya Utambuzi wa Aneurizimu za Ubongo

Aneurizimu ni kivimbe kinachojitokeza pale ukuta wa ateri ulipodhoofika. Ikipasuka kichwani, damu kwa kawaida humwagika chini ya utando wa araknoidi unaouzunguka ubongo. Makala haya yanahusu damu isiyofuata njia hiyo.

Mojawapo ya dalili hizo za awali ilionekana jichoni. Mwaka 1881 Moritz Litten, daktari Mjerumani, alieleza damu iliyovujia ndani ya jicho pamoja na ile ya kichwani. Mwaka 1900 Albert Terson wa Ufaransa akaeleza hali hiyohiyo, na ndiye iliyobaki na jina lake. Historia ya tiba haikosi dhuluma ndogo za namna hii.

Sindano ya uti wa mgongo, iliyoanzishwa na Heinrich Quincke mwaka 1891, ilithibitisha kuwapo kwa damu bila kusema imetoka wapi. Angiografia ya Egas Moniz, Lisbon 1927, ilionyesha mishipa, na mwaka 1937 Walter Dandy akaibana shingo ya aneurizimu kwa klipu huko Baltimore. Hata hivyo, umbo la damu yenyewe halikuonekana waziwazi kwa mgonjwa aliye hai hadi kipimo cha CT kilipoanza London mwaka 1971. Mwaka 1980 Fisher na wenzake waliigawa damu hiyo katika makundi manne; la mwisho lilihusu ile iliyoingia ndani ya ubongo au katika ventrikali zake.

Ugumu ulizidi hapo. Damu ndani ya ubongo hufanana na kiharusi cha shinikizo la damu. Iliyo chini ya dura, utando mgumu wa nje, hudhaniwa kuwa ya ajali, hasa mgonjwa akiwa ameanguka. Huenda ameanguka kwa sababu mshipa ulitangulia kupasuka. Damu ikiondolewa na aneurizimu ikaachwa, yaweza kupasuka tena.

Mwaka 1985 van Gijn na wenzake, nchini Uholanzi, walieleza hali iliyo kinyume: damu iliyokusanyika kuzunguka sehemu ya juu ya shina la ubongo, angiografia isiyoonyesha aneurizimu, na wagonjwa waliopona vizuri. Faraja hiyo ina mpaka, kwani aneurizimu chache za ateri za nyuma humwaga damu kwa umbo hilohilo. Hospitali yenye CT pasipo uchunguzi wa mishipa haiwezi kuzitenganisha hali hizo mbili.