Boriti za Rufiji na Jahazi la Sur



Ijumaa moja tulitoka Maskati alfajiri, mie na ami yangu, mzaliwa wa Unguja, tukaelekea Sur, kiasi cha kilomita 200. Tulipita kwanza kipilefti cha Al Bustan, iliposimamishwa Sohar, jahazi lililojengwa Sur mwaka 1980 bila ya msumari. Mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi, mfano wa mtepe wetu wa Lamu. Tim Severin na mabaharia wa Oman walilifikisha Uchina mwaka 1981.

Baada ya Quriyat barabara inabanwa: mkono wa kulia milima ya Hajar, majabali matupu, na kushoto bahari. Tukasimama Qalhat penye kaburi la Bibi Maryam. Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 alipita hapa pia. Ukiitazama milima ile utafahamu kwa nini watu walitegemea bahari. Mbao za kujengea majahazi zenyewe ziliagizwa Bara Hindi.

Sur tulikwenda kuiona Fath al-Khair, ghanja iliyojengwa hapohapo mwaka 1951, ikauzwa Yemen, na watu wa Sur wakairejesha mwaka 1993. Ami akaizunguka taratibu akinitajia mkuku, mataruma, shetri, foromali. Kisha akaeleza kazi ya kalafati, pamba inavyoshindiliwa baina ya mbao na mwili wa jahazi kupakwa sifa ya papa. Maneno yote hayo kwa Kiswahili, na sisi tuko Sur!

Kwa kweli hii ilikuwa kazi ya pwani mbili. Majahazi yalishuka na kaskazi yakipakia tende na papa mkavu, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko ya Rufiji na Lamu. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, Mji Mkongwe na Matrah vilevile.

Nikawa nayasema hayo kama nisemavyo darasani, ami akanikata.

"Mwanangu, na waliopakiwa wasiolipa nauli?"

Nikanyamaza. Nimesomesha biashara hii zaidi ya miaka ishirini, naanza na tende namalizia na boriti, na hilo la katikati nalipita mbio. Na ushahidi tunao. Karne ya 19 baadhi ya manahodha wa Sur walipandisha bendera ya Ufaransa ili manowari za Kiingereza zilizokuwa zikisaka watumwa zisiwapekue. Mzozo ule ulifika mahakama ya usuluhishi ya The Hague, na hukumu ya mwaka 1905 ikaibana haki ya kuitumia bendera ile. Waliokuwa ndani ya majahazi wengi walitoka pwani yetu, na wajukuu wao wengine ni jirani zetu leo.

Silitaki jahazi lishushwe heshima. Fundi aliyelichonga kwa tezo anastahili sifa zote. Lakini ubao hausemi ulibeba nini. Wa kusema ni sisi tunaojua lugha za pwani zote mbili. Basi tuwaulize wazee wangali hai, majina ya mbao na majina ya watu pia, tuyaandike pamoja hata yale ya aibu.

Wakati wa kurudi ami alilala njia nzima. Mie nilikuwa naipanga upya mihadhara yangu.