Adui Aliyelala Ghalani

Msomaji, mkulima huulizwa sana habari za masika, lakini ni mara chache kuulizwa habari za kiangazi. Twamwona akipanda, twamwona akipalilia, na siku ya mavuno twamsifu. Bali zile wiki ambazo shamba ni tupu, na jembe limeegemezwa ukutani, twazihesabu kuwa ni wiki za mapumziko tu. Katika insha hii nataka nikuonyeshe ya kwamba pengine wiki hizo ndizo ziamuazo mavuno yajayo. Na kwa ushahidi nitakupeleka mbali, mpaka kisiwa cha Ayalandi, magharibi ya Uingereza, katika miaka ya 1845 hadi 1849.

Kiazi ulaya, licha ya jina lake, si mzaliwa wa Ulaya. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na Wahispania ndio waliokivusha bahari katika karne ya 16. Kilipofika Ayalandi kilipatana sana na mvua na udongo wa huko, tena kilipatana na umaskini wa watu wake. Ardhi ilikuwa mikononi mwa makabaila, ambao wengi wao hawakukaa hata katika nchi hiyo. Maskini alikodi kijishamba kidogo, na katika kijishamba hicho hakuna zao jingine lililoweza kulisha jamaa nzima. Mtu mzima mwenye kufanya kazi ngumu aliweza kula kilo 5 za viazi kwa siku. Hesabu ya mwaka wa 1841 ilionyesha kuwa nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8, na kadiri ya milioni 3 kati yao walitegemea viazi karibu peke yake.

Isitoshe, wengi walipanda aina moja tu, iliyoitwa Lumper. Nawe wajua ya kuwa kiazi hupandwa kwa kiazi. Kwa hiyo mimea yote ya aina moja ni kama pacha: ugonjwa uwezao kuua mmoja waweza kuua wote.

Mnamo Juni 1845 ugonjwa usiojulikana ulitokea katika mashamba ya Ubelgiji. Kufikia Septemba ulikwisha kuvuka bahari na kuingia Ayalandi. Majani yalishika madoa meusi, na chini ya jani pakaonekana ukungu mweupe. Halafu shina likaanguka, na viazi vyenyewe vikageuka rangi na kuoza kwa harufu mbaya. Yapata theluthi moja ya mavuno au zaidi iliharibika. Walakini watu hawakukata tamaa, kwani mwaka mbaya walikwisha kuuona zamani.

Sasa, msomaji, angalia sana kilichofuata, maana hapa ndipo penye kiini cha habari. Majira ya baridi yaliingia na mashamba yakalala. Viazi vilivyovunwa vilifukiwa katika mashimo, vizima pamoja na vyenye ugonjwa. Vilivyooza vilitupwa kando ya shamba. Vidogo vilisahauliwa ardhini. Na kwa kuwa baridi ya Ayalandi si kali kama ya bara la Ulaya, vingi havikufa. Kisha njaa ikabisha hodi. Mtu mwenye watoto wanaolia alichagua viazi vizuri akavipika, na vile vilivyobaki akaviweka kuwa mbegu. Ilipofika majira ya kupanda ya mwaka wa 1846, watu waliutia adui ardhini kwa mikono yao wenyewe, pasipo kujua.

Padre mmoja wa huko, Theobald Mathew, aliandika aliyoyaona. Tarehe 27 Julai 1846 alisafiri kutoka Cork kwenda Dublin, na njia nzima aliona mashamba yamechanua vizuri. Aliporudi tarehe 3 Agosti, yaani baada ya juma moja tu, mashamba yale yale yalikuwa yameoza, na wenyewe wameketi juu ya viambaza vya bustani zao wakilia. Mwaka huo karibu mavuno yote yalipotea.

Je, wataalamu walisema nini? Walishindana. Mwanachuoni wa mimea John Lindley aliona ya kuwa mvua na baridi viliujaza mmea maji kupita kiasi, ukaoza. Mchungaji Miles Joseph Berkeley, aliyekuwa bingwa wa mambo ya kuvu, aliandika mwaka wa 1846 ya kuwa ule ukungu mweupe si matokeo ya ugonjwa, bali ndio ugonjwa wenyewe. Wengi hawakumsadiki. Ilikuwa mwaka wa 1861 ndipo Mjerumani Anton de Bary alipothibitisha kwa majaribio ya kwamba Berkeley alisema kweli. Baadaye, mwaka wa 1876, aliupa ukungu huo jina la Phytophthora infestans, na maana ya neno la kwanza ni mharibu mimea.

Elimu hiyo ilifunua jambo kubwa. Mdudu huyu asiyeonekana kwa macho huenea kwa upepo na mvua, na hali ya hewa ikimfaa huteketeza shamba kwa siku chache. Lakini shamba likiisha kufa hana pa kukaa, kwa maana hula mmea ulio hai. Katika Ulaya ya siku zile hakuwa na mbegu ngumu ya kustahimili baridi udongoni, kwa sababu aliingia wa jinsi moja tu. Jinsi ya pili haikujulikana huko mpaka miaka ya 1980. Basi alivukaje majira ya baridi? Alivuka ndani ya kiazi: kiazi cha mbegu, kiazi kilichosahauliwa shambani, na kiazi kilichotupwa jaani. Mlango wake ulikuwa mwembamba, na kwa miezi kadha ulikuwa wazi mbele ya watu. Hakuna aliyejua kwamba wapaswa kufungwa.

Yafaa tusiwalaumu wakulima wale. Hata kama wangalijua, mwenye njaa hawezi kuchagua mbegu. Mwaka wa 1847 ugonjwa ulipungua, lakini mbegu ilikuwa haba, basi kilichopandwa kilikuwa kidogo. Mwaka wa 1848 ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Na muda huo wote nafaka iliendelea kupakiwa merikebuni kwenda kuuzwa Uingereza, na maskini walifukuzwa makwao kwa kukosa kodi. Watu kadiri ya milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni wakahama, wengi wao kwenda Marekani. Hesabu ya mwaka wa 1851 ilikuta watu wapatao milioni 6 na nusu. Ukungu uliharibu viazi. Lakini dhuluma na uzembe wa watawala ndivyo vilivyogeuza hasara ya shamba kuwa msiba wa taifa.

Dawa ya kunyunyiza ilikuja baadaye. Mwaka wa 1885 Mfaransa Millardet alitangaza mchanganyiko wa mrututu na chokaa kwa ajili ya mizabibu, na punde ukatumika katika viazi. Lakini dawa hukinga jani tu. Haimponyi mgonjwa aliyekwisha kuzikwa ardhini awe mbegu.

Labda wasema, hayo yatuhusu nini? Ukungu huo huo ulionekana Kenya mwaka wa 1941, na mpaka leo wawasumbua wakulima wa Nyandarua na Meru. Tena hapa kwetu hakuna baridi ya kuua viazi vilivyosahauliwa. Mvua za masika zikiisha, za vuli hazikawii, na katikati yake maotea huchipuka yenyewe, yakamhifadhi adui hata msimu mpya.

Basi kazi ya kiangazi ni hii. Chimbua shamba upya, utoe kila kiazi kilichobaki. Viazi vibovu vifukie katika shimo refu. Usivitupe kando ya shamba. Ng'oa maotea kabla ya kupanda. Chagua mbegu katika shamba lililokuwa zima, uiweke mbali na iliyougua. Mahali pa viazi panda mahindi au maharagwe. Usipande nyanya, kwani nayo huugua ugonjwa huu. Kisha mwambie jirani yako afanye vivyo hivyo, maana upepo haujui mpaka.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Ayalandi hawakuuona ufa, nao walilipa kwa maisha yao. Sisi twauona. Siku utakapokuta shamba la kwenu limelala kiangazini, usipite tu. Inama, uchimbue, uangalie kilichomo.